Pamela Colman Smith: Alichora karata zinazosakwa duniani kote, akafa fukara

MNAMO Septemba 18, 1951, mwanamke mwenye umri wa miaka 73 aliaga dunia katika mji mdogo wa Bude, pwani ya Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza. Hakuwa na mume wala mtoto. Madeni aliyoacha yalizidi thamani ya mali yake, na vyombo vyake vikapigwa mnada ili wadai walipwe. Rafiki yake wa miaka mingi, ambaye wasia ulimtaja kuwa mrithi wa kila kitu, hakuambulia chochote. Kaburi lake halikuwekwa jiwe lenye jina.

Mwanamke huyo alikuwa Pamela Colman Smith, na mkono wake ndio uliochora karata za ramli zinazojulikana zaidi ulimwenguni, karata 78 za taroti zilizotolewa jijini London mwaka 1909. Zimechapishwa kwa mamilioni, zikaigwa, zikapakwa rangi upya na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Kwa muda mrefu zilijulikana kwa jina la mchapishaji na la mwanamume aliyeziagiza. La mchoraji halikuwamo.

Hata hivyo, jambo moja limezuka miongoni mwa wapenzi wa karata hizo. Wengi wao huzikataa seti mpya zilizong'arishwa kwa plastiki na rangi kali, wakatafuta za zamani. Asiyekuwa na maelfu ya dola za kununulia seti halisi ya kabla ya Vita Vikuu vya Pili hununua iliyotengenezwa kufanana nayo, yenye rangi zilizotulia na karatasi isiyometameta. Kinachowavuta hakieleweki vyema bila kuyafahamu maisha ya Pamela.

Kwanza, ni vyema kueleza taroti ni kitu gani. Karata hizi zilianzia kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, nazo zilikuwa za mchezo tu, bila uhusiano wowote na utabiri. Ni katika karne ya 18, nchini Ufaransa, ambapo watu walianza kuzipigia ramli. Seti moja ina karata 22 za turufu na nyingine 56 zilizogawanywa katika makundi manne: vikombe, panga, sarafu na fimbo. Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kuyaona makundi hayo kuwa mageni. Wachezaji wa karata wa pwani yetu husema kopa, shupaza, uru na pau, majina ambayo Kiswahili kiliyarithi kutoka kwa Wareno, na maana zake katika Kireno ni vikombe, panga, dhahabu na fimbo. Uzungu wa taroti, kwa hivyo, una binamu yake katika baraza za Mombasa na Lamu.

Kuhusu iwapo karata hutabiri lolote, kila mtu ana imani yake na makala haya hayaamui. Kinachozungumziwa hapa ni sanaa, na haki ya aliyeifanya.

Pamela alizaliwa Februari 16, 1878, katika mtaa wa Pimlico, London. Wazazi wake, Charles Edward Smith na Corinne Colman, walikuwa Wamarekani. Alilelewa kwanza Manchester, na alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi, baba yake akapata kazi katika kampuni iliyokuwa ikiendeleza reli kisiwani Jamaika. Familia ikahamia Kingston.

Hapo ndipo msichana huyo alipokutana na Anansi. Huyu ni buibui mjanja wa ngano za Waakan wa Afrika Magharibi, aliyevuka bahari ndani ya vichwa vya watu waliouzwa utumwani. Watu hao walinyang'anywa kila kitu, lakini hadithi haikuwezekana kunyang'anywa. Anansi alikuwa kwao kama alivyo Sungura kwa watoto wa Afrika Mashariki, mdogo wa mwili anayewashinda wakubwa kwa akili. Pamela alizisikiliza hadithi hizo katika lahaja ya Kijamaika, akazihifadhi kwa sauti na mikogo yake yote. Mwaka 1899 alizitoa katika kitabu, Annancy Stories, kilichochapishwa New York pamoja na michoro yake mwenyewe. Kingine cha hadithi za Jamaika, Chim-Chim, kilifuata mwaka 1905.

Kabla ya hapo, mwaka 1893, akiwa na umri wa miaka 15, alikuwa amejiunga na chuo cha Pratt mjini Brooklyn, Marekani, kusomea sanaa. Mwalimu wake, Arthur Wesley Dow, alivutiwa mno na chapa za Kijapani, na aliwafundisha wanafunzi kuthamini mstari ulio wazi, rangi iliyolala bapa na nafasi iliyoachwa wazi kwa makusudi. Mafunzo hayo hayakumtoka Pamela maishani. Yeyote atakayeitazama karata yake ya Panga Tatu, yenye moyo mwekundu uliochomwa na panga tatu chini ya mawingu na mvua, atauona mkono wa mwanafunzi wa Dow. Hakuna pambo. Kuna moyo, vyuma na maji tu.

Mama yake alifariki mwaka 1896, naye akaondoka Pratt mwaka uliofuata bila shahada. Baba yake alifuata mwaka 1899. Akiwa na umri wa miaka 21, Pamela alikuwa yatima asiye na kwao mahususi, Mwingereza kwa kuzaliwa, Mmarekani kwa wazazi na Mjamaika kwa hadithi.

Waliompokea ni watu wa jukwaani. Kundi la ukumbi wa Lyceum wa London, lililoongozwa na mwigizaji Henry Irving pamoja na Ellen Terry, na ambalo meneja wake alikuwa Bram Stoker, mtunzi wa Dracula, lilimchukua katika safari zake. Alitengeneza mavazi na mandhari, na mara nyingine akatokea jukwaani katika nafasi ndogo. Ellen Terry alimpenda kama mwanawe, akampa jina la utani la Pixie, yaani kijini mcheshi wa ngano za Kiingereza. Jina hilo lilimganda.

Jukwaa nalo liliganda katika michoro yake. Katika karata zake kadhaa kuna mstari ulionyooka nyuma ya miguu ya mhusika, na nyuma yake mandhari yaliyosimama kama pazia lililochorwa. Mtu wa Sarafu Mbili anazirusha sarafu zake huku anacheza, na nyuma yake meli zinapanda na kushuka juu ya mawimbi. Ni mwigizaji aliye mbele ya pazia la bahari. Wanaozijua kazi hizi huziita karata za jukwaa, na ni vigumu kupata jina lililo bora zaidi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Pamela alikuwa na studio yake London, ambako wasanii, waandishi na waigizaji walikusanyika jioni kumsikiliza akisimulia visa vya Anansi. Mwandishi Arthur Ransome alizisawiri jioni hizo katika kitabu chake cha mwaka 1907 kuhusu maisha ya wasanii wa jiji hilo. Mwaka 1903 alianzisha jarida lake, The Green Sheaf, ambalo picha zake zilipakwa rangi kwa mkono. Lilitoa matoleo 13 kisha likafa, kama yafavyo majarida mengi yanayotegemea mapenzi kuliko matangazo ya biashara.

Sifa hazikumkosa. Mpigapicha Alfred Stieglitz alikuwa na ukumbi mdogo New York uliokuwa umeonyesha picha za kamera pekee. Januari 1907 alivunja desturi hiyo, na msanii wa kwanza asiye mpigapicha kuonyeshwa hapo alikuwa Pamela Colman Smith, mwaka mzima kabla ya Rodin. Baadhi ya michoro hiyo aliifanya huku akisikiliza muziki. Alisema aliyaona maumbo pindi sauti zilipoanza, na kalamu ikayafuata bila kusita. Mwaka 1908 jarida la The Strand lilichapisha makala kuhusu kipawa hicho. Lakini sifa hazilipi kodi ya nyumba, na Pamela aliishi kwa kuungaunga.

Ndipo taroti ilipoingia. Mwaka 1901 alikuwa amejiunga na chama cha siri cha Golden Dawn, kilichojishughulisha na elimu ya mambo yaliyofichika, na ambacho mshairi William Butler Yeats alikuwa mmoja wa wanachama wake. Mwingine alikuwa Arthur Edward Waite, msomi wa vitabu vya kale vya siri. Waite alitaka seti mpya ya taroti iliyorekebishwa kulingana na mawazo yake, na mwaka 1909 alimpa Pamela kazi hiyo.

Alichora seti nzima kwa takriban miezi sita. Ni kasi ya kushangaza, na ugumu wake haukuwa katika wingi pekee. Katika seti nyingi za awali, karata zilizo nje ya turufu hazikuwa na picha ya maana. Vikombe vitano vilikuwa vikombe vitano tu vilivyopangwa, na fimbo saba zilikuwa fimbo saba. Pamela alizigeuza zote kuwa visa. Seti moja ya Kiitaliano ya karne ya 15, iitwayo Sola Busca, ilikuwa imefanya hivyo kabla yake, na picha zake zilikuwa zimefika katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mwaka 1907. Karata yake ya Panga Tatu inafanana na ya Sola Busca kiasi cha kutoacha shaka kuwa aliziona. Lakini sehemu kubwa ni yake.

Chukua Sarafu Tano. Maskini wawili, mmoja akienda kwa magongo, wanapita katika theluji chini ya dirisha la kanisa linalong'aa kwa rangi, wala hawainui macho. Ama Panga Sita, ambapo mvushaji anasukuma mashua yenye mwanamke aliyejifunika na mtoto aliyekaa kando yake, nyuso zao hazionekani, na mtazamaji hajui wanakimbia nini. Ama Sarafu Nane, fundi aliyeinama juu ya kiti chake cha kazi akichonga sarafu moja baada ya nyingine, na alizomaliza zimetundikwa mbele yake. Hazihitaji maelezo, na hii ndiyo sababu kubwa iliyofanya seti hii kuenea kuliko zote. Mtu yeyote anaweza kusoma hadithi iliyo ndani yake. Aliyefunzwa na wasimulizi wa Kingston alijua jinsi ya kumfanya msikilizaji aulize kilichotokea baadaye.

Waite hakuliona hivyo. Katika kumbukumbu za maisha yake zilizotoka mwaka 1938, alimsifu mchoraji wake kwa ubunifu lakini akadai kwamba hakuelewa undani wa mambo ya chama, na kwamba ilibidi alishwe kama mtoto kuhusu karata za Kuhani wa Kike, Mjinga na Mtu Aliyening'inizwa. Huenda ni kweli kwa hizo turufu. Ila inaaminika na wengi kwamba karata 56 nyingine alimwachia kwa kiasi kikubwa azichore atakavyo, na ni hizo hasa zilizobadilisha historia ya taroti.

Novemba 1909 Pamela alimwandikia Stieglitz akimweleza kuwa amemaliza kazi kubwa kwa fedha kidogo sana. Hakupata mrabaha. Mwezi uliofuata kampuni ya William Rider & Son ilizitoa karata hizo. Kitabu cha maelezo cha Waite kilichochapishwa mwaka 1911 pamoja na picha zote kilimtaja mchoraji, lakini midomoni mwa watu seti yenyewe ikawa ya Rider na Waite.

Maisha yaliyobaki yaweza kusimuliwa kwa ufupi, kwani yeye mwenyewe alijiondoa machoni pa watu. Alichora mabango ya kudai haki ya wanawake kupiga kura. Mwaka 1911 alichora picha za riwaya ya Stoker, The Lair of the White Worm, na mwaka huo huo akawa Mkatoliki. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza alipata urithi kutoka kwa mjomba wake, akapanga nyumba huko Lizard, ncha ya kusini ya Cornwall, akaifanya mahali pa mapumziko ya mapadri. Kipato kilikuwa haba. Aliendelea kuchora, lakini wanunuzi hawakuwepo, na miaka yake ya mwisho huko Bude ilikuwa ya dhiki.

Alipokufa, karata zake zilikuwa zimekwisha kuanza safari bila yeye. Nchini Marekani, mfanyabiashara mmoja wa Chicago aitwaye de Laurence alikuwa amezinakili pamoja na kitabu cha Waite mapema katika karne hiyo bila kujali ni kazi ya nani. Mwaka 1971 kampuni ya U.S. Games Systems, iliyoanzishwa na Stuart Kaplan, ilitoa toleo lililoenea duniani kote, na ndilo ambalo watu wengi hulidhania kuwa la asili. Lilikuwa na njano kali na buluu nzito. Mwaka 1990 likaja jingine lililopakwa rangi upya kabisa na msanii Mary Hanson-Roberts, likiwa na vivuli laini ambavyo Pamela hakuvichora.

Hapa ndipo penye mvuto wa karata za kale. Seti za kabla ya Vita Vikuu vya Pili zilichapwa kwa lithografia, ambapo kila rangi hupigwa kwa bamba lake, na vivuli hujengwa kwa vitone vidogo vidogo vinavyoonekana ukikaza macho. Kadiri mabamba yalivyotengenezwa upya, mistari ilibadilika. Jicho likawa duara zaidi, kidole kikapotea, kunjo la nguo likanyooka. Baadhi ya matoleo ya baadaye yaliondoa hata majina ya karata ambayo Pamela aliyaandika kwa mkono wake, yakaweka herufi za mashine. Wakusanyaji wamezigawa seti hizo za awali katika aina kadhaa, na wamezipa aina hizo jina lake: Pam-A, Pam-B, Pam-C na Pam-D. Hao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kumrudishia heshima, na walifanya hivyo kwa kuhesabu mistari.

Anayeshika toleo lililo karibu na la mwanzo huona uso wa mtu ukiwa na wasiwasi, na katika toleo la kisasa huona uso uliotiwa rangi tu. Hiyo ni tofauti ya kweli. Ni tofauti iliyopo kati ya barua na nakala yake iliyopigwa taipu.

Lakini si kila kisemwacho kuhusu uzee wa karata ni cha kuaminiwa. Weupe uliogeuka rangi ya chai hautokani na Pamela. Unatokana na miaka mia moja na ushei, moshi wa sigara na vidole vya watu. Siku seti ya kwanza ilipotoka kiwandani, karatasi yake ilikuwa safi na wino wake ulikuwa mbichi. Kuna watengenezaji wa leo wanaochapa madoa, pembe zilizochakaa na kingo za hudhurungi juu ya karata mpya, na kuziuza kama za kale. Huko ni kuuza vumbi. Mwanamke aliyewahi kulipaka rangi jarida zima kwa mkono hakuichukia rangi, na hakuchora doa hata moja.

Toleo lililokaribia zaidi kumtendea haki lilitoka mwaka 2009, katika maadhimisho ya miaka 100 ya karata hizo. Kampuni ile ile ya Kaplan ilirudia rangi tulivu za mwanzo, ikarejesha maandishi ya mkono, ikalipa toleo jina la Smith na Waite. Smith akatangulia. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilitoa kitabu kikubwa cha maisha na michoro ya Pamela, na mwaka 2019 chuo cha Pratt, alichokiacha bila shahada, kikaandaa maonyesho ya kazi zake. Jumba la Whitney la New York nalo linahifadhi mchoro wake wa mwaka 1903 uitwao The Wave.

Nchini Uingereza, hakimiliki ya michoro yake ilimalizika mwishoni mwa mwaka 2021, miaka 70 baada ya kifo chake. Tangu hapo yeyote anaweza kuichapa, na wengi wamefanya hivyo, kila mmoja akidai kuwa lake ndilo linalokaribia la asili zaidi. Dai hilo haliwezi kupimwa hadi mwisho. Michoro yenyewe aliyoichora Pamela kwa wino mwaka 1909 haijapatikana, na kila seti iliyopo, mpya au kuukuu, ni chapa ya chapa.

Kilichosalia cha uhakika ni alama ndogo iliyo pembeni mwa karata, herufi za P, C na S zilizosukwa pamoja kama nyoka aliyejikunja juu ya fimbo. Aliitia katika karata zake. Katika baadhi ya seti zilizochapishwa baada ya 1971, alama hiyo bado ipo mahali pake, na kando yake, kwa herufi za mashine, ni tangazo la hakimiliki ya kampuni.